Mstari Uliovuka Karatasi

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika, chumba nimepata, na chuo nimekiona. Mlango wake ni wa kioo kitupu. Siku ya kwanza niliugonga kwa paji la uso mbele ya darasa zima. Usimwambie baba.

Naandika upesi kwa sababu niliapa. Nafasi ilikuwa moja na mwenye cheti ni mimi. Wewe ukabaki na baba na mkono wake uliopooza, nami nikaapa kwamba kila nitakachofundishwa nitakuandikia. Kwenye simu somo halichoreki, kwa hiyo tutumie karatasi.

Basi somo la kwanza. Mwalimu wa Mpangilio ni mama mmoja mfupi, ana miwani mbili, moja ya kuonea karibu na nyingine ya kuonea wavivu. Alibandika ubaoni karatasi nyeupe yenye nukta moja nyeusi pembeni, akauliza tunaona nini. Wote tukajibu nukta. Akasema, "Mnaiona nukta kwa sababu ya weupe. Nafasi tupu si pengo. Nafasi tupu inasema." Akatoka. Ndilo somo zima la wiki.

Na kuna jambo kubwa. Chuo hiki kinapokea hata wasio na cheti, mradi walete kazi kumi za mkono wao na Mwalimu azikubali. Mwakani unaweza kuingia, dada! Fanya mazoezi nitakayokutumia, uyapeleke ofisi ya vifurushi pale stendi. Yakifika kumi nitampelekea Mwalimu mwenyewe.

Mdogo wako,
Kitindamimba


13 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Habari ya mlango wa kioo nimemwambia baba, tena kwa vitendo. Amecheka hadi chai ikamwagika. Tangu augue sijamwona akicheka vile, kwa hiyo endelea kugonga milango.

Somo lako nimelisoma mara tatu, na siku ileile nilikuwa na ukuta wa kinyozi. Nikamwandikia jina dogo, chini kulia, sehemu yote iliyobaki nikaiacha nyeupe. Weee! Alivyotoka na mkasi mkononi nilidhani sikio langu ndilo linaondoka. "Fundi Brashi, mimi nimelipia ukuta mzima, mbona umeniandikia kona?" Nikamwambia nafasi tupu inasema. "Inasema nini?" Nikamwambia inasema humu ndani kuna mtu anayejua pa kuachia, na kinyozi asiyejua pa kuachia si kinyozi. Akakuna kichwa, akavuka barabara kwenda kuuangalia kwa mbali, akarudi ndani kunyoa. Juzi kinyozi wa mtaa wa pili kanifuata hapa nyumbani: "Fundi, na mimi nichoree ule utupu."

Nimekuwekea humu mchoro wake kama zoezi la kwanza.

Mdogo wangu, nisomee vizuri. Miaka kumi na saba napaka kuta za watu, na kila nikishuka ngazini nasikia "fundi rangi, umesahau kopo lako." Nataka kabla sijaota mvi niingie chuo hicho, nikae kwenye kiti, niitwe mbunifu. Nataka hilo tu, sina la pili. Hereni zangu ulizoondoka nazo masikioni usizipoteze.

Dada yako,
Fundi


9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mchoro wa kinyozi nimeupata. Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu.

Somo la sasa ni mizani. Kitu kikubwa kikikaa kushoto, si lazima kulia kukae kikubwa kingine. Kinaweza kukaa kidogo chenye rangi kali, na jicho likaona vimetoshana. La pili ni utofauti: kama kila kitu kinapiga kelele, hakuna kinachosikika. Mwalimu anasema tuchague kitu kimoja kiseme kwanza, vingine vingoje zamu.

Mimi naendelea vizuri, ila Mwalimu ananiita sana ofisini kuzungumza. Darasani mkono wangu unatetemeka kidogo. Ni baridi tu.

Zoezi lako la sasa: buni pakiti ya sabuni ya unga. Jina la sabuni nimeliandika nyuma ya barua hii, herufi sita. Rangi mbili tu, na iwe na kitu kimoja ambacho mtu akikiona mara moja hakisahau. Nitumie karatasi yenyewe, si nakala. Lifike kabla ya mwisho wa mwezi, dada, tafadhali sana. Na usiweke sahihi yako. Chuo hakitaki majina kwenye mazoezi.

Mdogo wako,
Kitindamimba


21 Machi

Kitindamimba,

Marahaba, na uvae sweta. Mkono wa kuchora hauachwi upigwe baridi, muulize baba.

Haya, sabuni yako hii hapa. Imeninyima usingizi siku nne. Jina nimeliweka juu kushoto, jeusi, limekaa kama mtu aliyeshiba. Sasa nikabaki na karatasi yote chini na sijui niiambie nini. Mimi meza sijui kuitumia, unanijua, nilikuwa nimeibandika karatasi ukutani chumbani kwa baba ili aone. Nikachukua brashi yake ile pana aliyoandikia herufi za watu miaka yote, yenye pengo katikati ambapo nywele zilikatika, nikachovya kijani kilichobaki kwenye kazi ya duka la dawa, nikapiga mstari mmoja wa wimbi chini ya jina. Pwaaa! Mkono wangu umezoea kuta, haujui karatasi inaanzia wapi wala inaishia wapi. Nimeanza ukutani, nimepita kwenye karatasi, nimemalizia ukutani upande wa pili.

Nilitaka kuitupa. Baba akanyanyua mkono wake mzima akasema, "Iache. Huo mstari unatoka mahali na unakwenda mahali." Nikamwambia wewe mgonjwa, nyamaza. Lakini nimeuangalia tena na nimeona ana haki. Lile pengo la brashi nalo limeacha ufa mweupe katikati ya kijani, mwembamba kama uzi, nikauacha.

Nilipoibandua karatasi, ukutani pamebaki mraba mtupu, na huku na huku vipande viwili vya kijani vinatazamana kama majirani walionuniana. Nitapaka chokaa siku nikipata nafasi. Baba anasema nisithubutu.

Mwambie Mwalimu awe mkali tu, asinihurumie. Nataka kujua kama ninaweza.

Dada yako,
Fundi


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Nimehama chumba, nimepata kikubwa chenye dirisha. Mazoezi yako ya mwisho yamefika na sasa ni kumi kamili. Nimeyapeleka. Majibu yakitoka nitakuandikia. Usihangaike kumwandikia Mwalimu, barua za watu wa nje hazipendi.

Nina haraka, kuna gari linanisubiri.

Kitindamimba


17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Gari linakusubiri wewe? Haya, mjini kweli mjini.

Shangazi amekuja kukaa nasi. Anasema nikichukuliwa chuo yeye atamwangalia baba, tayari ameshahamisha na kitanda chake. Baba anamwogopa, kwa hiyo dawa zinanywewa kwa wakati. Nimeacha kuchukua kazi za kuanzia Januari. Mwenye bucha nimemwambia atafute fundi mwingine, mimi mwakani sipo. Kanicheka: "Unaenda kusomea kuandika NYAMA?" Nikamjibu ndiyo, maana hiyo ya kwako ya sasa inasomeka kama onyo.

Sikuulizi majibu. Nauliza tu kama yametoka.

Dada yako,
Fundi


2 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Hawakukuchukua. Mwalimu aliziangalia zote kumi. Alisema una mkono wa ukuta, si mkono wa karatasi. Ile ya sabuni hasa aliishika muda mrefu, akasema mstari unaotoka nje ya karatasi ni kazi ya mtu asiyejua mipaka, na ule ufa katikati ni brashi mbovu. Niliona vibaya kwa niaba yako. Kazi zenyewe chuo hakirudishi.

Usivunjike moyo, dada. Kuta nazo zinahitaji watu.

Kitindamimba


10 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekusikia.

Niliuliza nikitaka kujua kama ninaweza, na nimejibiwa. Siwezi kukasirika. Shangazi ndiye amekasirika, anataka kupanda basi aje amwonyeshe Mwalimu mipaka. Baba yuko kitandani. Ananitazama tu, na hilo ndilo ninaloshindwa kulivumilia.

Asante kwa kunihangaikia. Ulifanya ulichoweza, na Mungu anaona. Masomo usinitumie tena. Nikiyasoma naona nilivyokosea, halafu mkono unakuwa mzito ngazini. Jana nimeandika SAMAKI nikasahau K, mimi huyu. Zile kazi za Januari nilizoziacha nimerudi kuziomba, na mwenye bucha ameniambia "karibu tena" kwa sauti ambayo sitaisahau.

Soma kwa bidii. Angalau mmoja wetu.

Dada yako,
Fundi


20 Novemba

KWA MAFUNDI RANGI WOTE WALIOTEULIWA

Yah: Uchoraji wa tangazo la sabuni kwenye kuta za maduka

1. Umeteuliwa kuchora ukuta wa duka la jumla linalotazama stendi katika mji wako. Mchoro wa kufuata umeambatanishwa.

2. Fundi haruhusiwi kubadili kitu chochote. Jina likae juu kushoto kama lilivyo.

3. Mstari wa kijani uanzie nje ya tangazo na uishie nje ya tangazo. Mstari huu unawakilisha usafi usio na mipaka.

4. Ufa mweupe ulio katikati ya mstari unawakilisha mwanga. Fundi apake kijani kwanza, kikauke, kisha apitishe nyeupe kwa uangalifu. Ufa usisahaulike.

5. Kwa taarifa yako, mchoro huu ndio ulioshinda shindano la kiwanda mwezi Aprili. Mbunifu wake, pichani, alikuwa mwanafunzi bora wa chuo na sasa ni Mbunifu wa Kampuni.

Karani wa Matangazo
Kiwanda cha Sabuni


23 Novemba

Kwa Mwalimu wa Mpangilio,

Mama, hunijui. Mimi ni fundi rangi. Mwezi wa nane ulizikataa kazi zangu kumi, na sikuandiki kulalamika juu ya hilo. Nina swali moja tu.

Kiwanda cha sabuni kimeniletea mchoro wa kupaka ukutani. Chini kuna picha ya mbunifu. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, amevaa hereni zangu. Mchoro nao ni wangu. Nilimtumia mwezi wa tatu kama zoezi, bila sahihi, kwa sababu aliniambia chuo hakitaki majina. Aliniambia wewe ulisema mstari ule ni wa mtu asiyejua mipaka. Sasa nausoma hapa kwamba ni usafi usio na mipaka. Ufa ni mwanga! Mama, ufa ule ni brashi ya baba yangu, ilikatika nywele kabla sijazaliwa.

Mstari ulitoka nje ya karatasi kwa sababu karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani na mkono wangu ulipitiliza. Mwanzo wake na mwisho wake mpaka leo viko ukutani chumbani kwa baba.

Swali langu ni hili. Je, wewe uliziona kazi zangu ukazikataa, au hukuziona? Jibu lolote nitalipokea. Ila nijue nani wa kumkasirikia.

Fundi Brashi


5 Desemba

Kwa Fundi Brashi,

Nimekuwa nikifundisha kwa miaka ishirini na sita na barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Sijawahi kupokea kazi hata moja kwa jina lako wala la fundi rangi yeyote. Kwa hiyo sijakukataa.

Dada yako mdogo namfahamu. Darasani hakuweza kupiga mstari ulionyooka, na mwezi Machi nilikuwa nimeshamwonya kwamba ataondolewa. Kisha akaanza kuleta kazi za nyumbani ambazo sikuwa na la kusahihisha. Ya kwanza ilikuwa ukuta wa kinyozi. Nilimwuliza mara nyingi ofisini alizifanyaje, akajibu kwamba akiwa peke yake mkono hutulia. Nilitaka kumwamini, na hilo ni kosa langu.

Siwezi kumhukumu mtu kwa barua moja. Lakini kama vipande vya ukutani vipo, na kama karatasi asili bado ipo, viwekwe pamoja na mimi nitakuja kuviona. Karatasi iko wapi?

Mwalimu wa Mpangilio


8 Desemba

Mdogo wangu,

Hatujambo. Baba anaendelea vile vile, Shangazi anaendelea kumtawala.

Nina ombi dogo. Ile karatasi ya sabuni ya mwezi wa tatu, kama unaweza kuipata, nitumie. Baba anaiulizia. Anataka kuiona tena pale ukutani mahali pake, anasema mraba ule mtupu unamchosha macho.

Ni hiyo tu. Sitaki nyingine.

Dada yako,
Fundi


19 Desemba

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo! Nimefurahi sana kupata barua yako. Nilikuwa nawaza labda umenikasirikia.

Najua huenda umeyaona matangazo. Naomba usielewe vibaya, dada. Kazi ya kampuni inapita mikono mingi. Yako ilikuwa kama cheche tu, na moto ni watu wengi. Nilitaka kukuambia siku nyingi, ila nilijua utaumia, nikaona heri nikukinge. Na fikiria pia: wangejua imetoka kwa fundi wa ukuta asiye na cheti wasingeichukua kabisa. Sasa angalau iko duniani, watu wanaiona. Si ndicho ulichotaka? Na mimi nikifukuzwa leo, utafaidika nini?

Karatasi yako hii hapa, chuo kilinirudishia. Pembeni ilikuwa imechakaa, nimeipunguza kidogo kwa mkasi ili iwe safi. Mwambie baba aitazame vizuri.

Nimekutumia na katoni moja ya sabuni. Watu wa kampuni tunapewa bure.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitindamimba


14 Januari

Kitindamimba,

Sabuni nimempa Shangazi. Anasema inatoa povu.

Karatasi ilifika mwisho wa Desemba. Nilipoifungua nilipima kwa vidole kabla hata sijasoma barua yako. Vidole viwili kushoto, vidole viwili kulia. Karatasi yangu haikuwa imechakaa pembeni. Karatasi iliyokaa kwenye bahasha haichakai pembeni kwa vipimo vilivyolingana. Mwezi wa tatu nilikuandikia nikicheka kwamba mstari umebaki ukutani, ukakumbuka. Masomo yote uliyonifundisha, nawe ukakumbuka hilo moja.

Nimeumia, mdogo wangu. Sijui kuandika kwa namna nyingine. Ungeniomba mchoro ule ningekupa. Ungesema dada, wananifukuza, nisaidie, ningekaa hapa nikuchoree mpaka umalize chuo, na nisingemwambia mtu. Unajua ningefanya hivyo. Kilichoniua ni mwezi wa nane. Ulikuwa tayari una kazi, una dirisha, una gari linalokusubiri, halafu ukakaa chini ukatafuta maneno ya kuniambia siwezi. Mkono wa ukuta! Nimebeba maneno hayo miezi minne nikipanda nayo ngazi, nikiona aibu mbele ya kopo la rangi. Nami nikakuandikia asante, Mungu anaona. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimekufulia mimi tangu unatambaa.

Mwalimu alikuja tarehe kumi. Ana miwani mbili kweli, hapo hukudanganya. Shangazi akamtoa baba nje kuota jua. Mwalimu akaibandika karatasi kwenye ule mraba, akatoa uzi mfukoni, nikashika upande mmoja yeye akashika mwingine. Tukaulaza juu ya ule ufa mweupe, kidogo kidogo, kufuata wimbi. Ukatoka kwenye kipande cha ukutani, ukaruka pale ulipokata, ukaingia kwenye karatasi, ukaruka tena, ukaingia kwenye kipande cha pili. Ufa haukupotea hata mahali pamoja. Pengo la brashi ya baba ni moja tu duniani, na huwezi kulikata kwa mkasi. Mwalimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mtu mwenye kazi yake hana sababu ya kukata pembeni."

Halafu akaniuliza kazi nyingine ziko wapi. Nikamwambia zile tisa unazo wewe, sina kitu. Akanitazama kama anavyowatazama wavivu. Akasema twende nje. Tukatembea barabara nzima, yeye na daftari: kinyozi, kinyozi wa pili, duka la dawa, fundi cherehani, hata mwenye bucha. Mwenye bucha alitoka kuuliza kuna nini, Mwalimu akamwambia anahesabu. Zikafika kumi kabla hatujafika stendi. Akafunga daftari. Naanza tarehe tatu mwezi ujao. Sahihi yangu nimeiweka mwenyewe kwenye fomu, na mkono haukutetemeka.

Ukuta wa duka la jumla nao nimeumaliza, kama mwongozo wenu unavyotaka. Mmesema mstari uanzie nje ya tangazo na uishie nje, nami nimeuanzia kwenye ukuta wa fundi cherehani na kuumalizia kwenye nguzo ya duka la dawa. Wenyewe wamegombana kutwa nzima mstari ni wa nani. Ufa sikuupaka nyeupe, ulitoka wenyewe.

Mwalimu amesema atapeleka taarifa chuoni na kiwandani. Sikumtuma wala sikumzuia. Yatakayokupata huko usiniandikie. Nitakuwa katika mji wako, na kwako sitakuja. Hereni zangu ziache kwa bawabu wa chuo.

Limebaki la baba. Karatasi bado iko pale ukutani mbele ya kitanda chake. Mimi na Shangazi tulipatana tusimwambie. Lakini yeye ni fundi herufi wa miaka arobaini, macho yake hayakupooza. Asubuhi baada ya Mwalimu kuondoka aliniita, akanyoosha kidole, akauliza, "Mbona pembeni umeacha nafasi? Mwanzoni haikuwepo." Nilitaka kumwambia ndilo lile somo la kwanza ulilonitumia. Ulimi ukakataa. Nikamwambia, "Baba, hapo amepita mdogo wangu na mkasi."

Hakuuliza kwa nini. Akaniomba nimgeuzie kitanda, kielekee dirishani.

Fundi Brashi